Jina Lililotajwa Mlangoni

Jumapili iliyopita walinijia vijana wawili wa kamati ya jubilei ya parokia, msichana na mvulana, wamevaa fulana nyeupe mpya zenye picha ya kanisa kifuani. Shikamoo mama, shikamoo mama, nikawapa viti, nikawapa maji ya baridi. Wakaniambia wanaandaa kitabu cha jubilei, na ndani yake kutakuwa na ukurasa wa waumini waanzilishi, na bibi yangu yumo. Wakaomba picha yake, mahali alipozaliwa, na majina ya wazazi wake wote wawili. Mwenzangu, sikujua kama bado ninayo hasira ya namna ile. Nilidhani imeshakwisha na umri, kumbe ilikaa tu mahali pake inangoja mtu aje aiguse. Nikaweka jagi chini kabla sijalimwaga.

Watoto wa watu hawana kosa, najua. Wamezaliwa wakalikuta kanisa lina marumaru na feni, wao wanajuaje? Nikawaambia warudi Jumamosi. Ila tangu hapo kila nikikaa nazungumza peke yangu jikoni, kwa hiyo bora nizungumze na wewe.

Sie tulikaa Keko, nyuma ya mafundi wa makochi na vitanda, miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu na kila mtu akataka kochi la kumkalisha mgeni. Kuanzia asubuhi ni misumeno na randa, nyundo hii ikinyamaza ile inaanza. Harufu ya vanishi iliingia mpaka kwenye chai. Kazi yangu mie nikitoka shule ilikuwa kwenda kuomba maranda kwa mafundi, najaza kiroba, narudi nacho kichwani, yananidondokea shingoni yananiwasha njia nzima. Bibi alikuwaga anapikia maranda. Anachukua kopo kubwa lililotobolewa, anasimamisha chupa katikati, anashindilia maranda pembeni mpaka yanakuwa magumu, halafu anaichomoa chupa taratibu libaki tundu la moto, ulimi nje, hataki mtu aongee. Maranda yakibomoka anasonya, anaanza upya. Maharage ya jiko lile yalikuwa na kaharufu ka mninga ambako sijakapata tena popote, na siku hizi napikia gesi.

Mtaani walimwita Bibi Misheni, kwa sababu alilelewa na masista kwenye misheni moja ya zamani nje ya mji. Mfupi, mkavu, hasira zake za karibu, na hizi zangu nadhani nimezitoa kwake. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa bibi wa Kizaramo, mwenyeji wa pale tangu mafundi hawajafika, Mwislamu, muuza vitumbua. Walitaniana kutwa nzima. Yule bibi alimwita bibi yangu "kafiri wangu", na Iddi ikifika sinia la pilau la kafiri wake ndilo linatoka la kwanza. Krismasi sinia linarudi na kuku, na huyo kuku tumemwomba mjukuu wa bibi jirani amchinje, ili asipate sababu ya kukataa. Sahani haikurudishwa tupu hata siku moja. Na yule bibi ukimuuliza jina lake hakutajii moja, anakutajia na la mama yake na la bibi yake, binti fulani, binti fulani, mpaka unachoka wewe unayesikiliza.

Basi mama yangu akajifungua mdogo wangu wa mwisho, wa kike. Mtoto analia! Analia asubuhi, analia mchana, tukisema sasa kachoka ndo anaanza. Zahanati wakatupa dawa ya tumbo ya chupa, hakuna kitu. Mama akakonda, baba akaanza kuchelewa kurudi kutoka bandarini kwa makusudi. Ndipo bibi jirani akaja na vitumbua vyake, akamchukua mtoto, akamtazama weee, akasema huyu haumwi, huyu analilia jina.

Wewe unalijua hilo, hata kama unajifanya wa mjini. Kwa watu wetu mtoto asiyebembelezeka huenda anamtaka mkubwa wake aliyetangulia, anataka aitwe yeye. Anapakatwa, anatajiwa majina ya wazee mmoja mmoja, atakapolisikia lake atanyamaza. Wakakaa mkekani, Bibi akampakata. Akaanza upande wa baba yangu, wote aliowajua, mtoto analia. Upande wa babu, analia. Baba yake Bibi mwenyewe, dada wa baba yake, analia tu. Halafu Bibi akaishia hapo. Bibi jirani akamwambia, sasa mama yako. Bibi akasema, la mama yangu silijui.

Nakumbuka bibi jirani alivyomwangalia. Hakuwa na utani hata kidogo siku ile.

Usimcheke Bibi. Hebu fikiri, mama yako mzazi pale mtaani nani anamwita kwa jina lake? Anaitwa mama fulani, jina la mtoto wake wa kwanza, imekwisha. Mama yake Bibi naye ndivyo majirani walivyomwita, na mumewe ndo kabisa asingethubutu kulitamka. Bibi alimwita mama, kama sote. Njaa ikaingia, baba akafa, mama akamchukua binti yake mdogo akampeleka kwa masista apate kula. Haukupita muda mama naye akafa, kijiji kikatawanyika, na masista hawakutaka kusikia watoto wakizungumza habari za nyumbani. Akapewa jina la Kresensia kutoka kwenye kalenda ya watakatifu, akafundishwa kufuma, akakua.

Lakini kulikuwa na siku moja Bibi aliyoikumbuka yote. Siku ya kubatizwa. Walisimamishwa mbele kanisani, watoto wengi, wamefungwa mashuka meupe. Mama yake alikuja kwa miguu toka kijijini, akazuiwa mlangoni, kwa kuwa hakuwa Mkristo. Padri akatoka na kitabu kikubwa, mkalimani pembeni yake, akaenda mpaka pale mlangoni, akamuuliza kitu. Mama akajibu. Padri akaandika. Bibi alikuwa mbali, hakusikia, ila aliuona mdomo wa mama yake ukifunguka na akaiona kalamu ikienda. "Jina la mama yangu limeandikwa," alituambia siku ile pale mkekani. "Mie mwenyewe nimeona likiandikwa."

Na vitabu vya misheni ile viko wapi? Misheni ilishafungwa zamani, vitabu vyake vyote vikaletwa parokiani kwetu, vikafungiwa kwenye kabati la chuma ofisini. Kutoka nyumbani ni mwendo wa kumaliza kipande kimoja cha muwa. Unaelewa ninachokuambia? Mwanamke amelitafuta jina la mama yake maisha yake yote, nalo liko hapo ng'ambo ya barabara, amelipita kila Jumapili akienda Misa.

Mtu aliyeshika ufunguo alikuwa karani wa parokia. Bwana mmoja safi, kalamu mbili mfukoni, shati halina kunyanzi. Bibi alivaa kitenge chake cha kutokea, akanishika mkono, tukaenda. Tumsifu Yesu Kristo. Milele amina, akaitikia bila kuinua kichwa. Akatueleza kwamba vitabu hufunguliwa kwa ajili ya cheti tu: ubatizo, kipaimara, ndoa. Bibi anataka kipi? Bibi akasema anataka jina la mama yake. Karani akauliza kama huyo mama alibatizwa. Hakubatizwa. Basi hayumo kwenye vitabu vyetu, akasema, na akatabasamu kama mtu aliyetusaidia sana.

Sitaki kukuchosha na safari zilizofuata. Mara tulete barua ya jumuiya ya waumini wa mtaani. Tukienda kwa mwenyekiti wa jumuiya, anatukumbusha mchango wa ujenzi wa kanisa jipya, kwanza tumalize. Tukimaliza, paroko kasafiri. Akirudi, ana kikao. Akitoka kikaoni, ufunguo haupo. Na kila safari Bibi anaoga, anapaka mafuta miguu, anavaa kitenge kile kile, kama anakwenda kumpokea mgeni. Siku moja alimbebea yule karani maharage yake kwenye hotpoti. Karani akala, akashukuru. Wiki iliyofuata hotpoti likarudishwa halijaoshwa, na ndani hakuna hata ndizi. Bibi aliliosha kimya kimya. Mie ndiye niliyetaka kulivunja.

Halafu kwa unyofu wake akamweleza mwenyekiti kwa nini analitaka jina. Kwamba mjukuu analia. Maneno yakatoka kwa mwenyekiti yakafika kwa paroko, na Jumapili tukiwa tumekaa benchi letu, paroko akahubiri juu ya watu wazima wanaotaka kutumia vitabu vya Kanisa kuitia mizimu. Hakutaja mtu. Hakuhitaji, vichwa vyote viligeuka. Mama yangu aliinamia chini. Bibi aliendelea kutazama mbele, rozari mkononi, kidole kimesimama kwenye punje moja. Jumamosi yake akaenda kuungama, akapewa kitubio. Mie nilimsubiri nje nikimwona kwa dirishani amepiga magoti kwenye sakafu isiyo na zulia, anasali kitubio chake. Mtu kauliza mama yake anaitwa nani, kapewa kitubio! Mpaka leo nikilikumbuka goti lile kwenye saruji natamani kumpigia mtu kelele, na wa kumpigia wote wamekufa.

Mdogo wangu akanyamaza mwenyewe, bila jina. Siku moja tu hakulia, na kesho yake tena hakulia, mama akalala usingizi wa mchana. Alibatizwa jina la kwenye kalenda kama sote. Tukadhani habari imeisha. Mtoto alinyamaza, Bibi ndiye hakunyamaza. Sasa alikuwa analitaka kwa ajili yake mwenyewe. Anachambua mchele, anasimama, anauliza hewani, hivi lilikuwa lipi? Alisema anazeeka, atakwenda huko alikokwenda mama yake, atafika, na hatajua amuulizie nani.

Aliyetufungulia njia ni bibi jirani, tena akiwa anageuza vitumbua, hata hakuacha kazi. Akasema, kafiri wangu, mtu wenu si amesema kitabu kinafunguliwa kwa cheti? Basi mwombe cheti. Mwambie wataka kuzikwa nacho. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu mahubiri yale.

Tukaenda wote, Bibi, mama na mtoto mgongoni, na mie. Bibi akasema maneno aliyofundishwa: mie mzee, nataka cheti changu cha ubatizo, nizikwe nacho. Hapo karani akachukua ufunguo, hata yeye alikuwa na mama. Akafungua kabati. Kitabu kikatoka, kikubwa, mgongo umeliwa na mchwa, kinanuka kama sanduku lililofungwa masika yote. Kimeandikwa Kilatini, hakukiweza, akamwita paroko. Paroko akavaa miwani, akafunua, akafunua, kidole kinashuka. Akasimama. Kresensia, akasoma. Bibi akasogea mpaka meza ikamgusa tumboni. Nilikuwa nimeshika kitenge chake, nikasogea naye.

Paroko akasoma siku ya ubatizo. Akasoma jina la padri aliyebatiza, lote. Akasoma jina la msimamizi wake, sista wa Kizungu, jina la kwanza, jina la ukoo, na mji aliotoka huko Ulaya. Kisha akasoma wazazi.

"Baba, mpagani," akasema. "Mama, mpagani."

Nje walikuwa wanamwaga kokoto za kanisa jipya.

"Soma tena hapo kwa mama," Bibi akasema.

"Mpagani. Ndivyo ilivyoandikwa, Bibi."

"Aliulizwa," Bibi akasema. "Mie nilimwona. Aliulizwa, na alijibu."

Paroko akavua miwani. Akasema zamani ndivyo walivyokuwa wakiandika, haikuwa kwa ubaya. Alisema kwa upole, namkubalia hilo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona aibu. Lakini upole wake ulinisaidia nini? Mtu ametoka kijijini na njaa tumboni, ametembea kumwona mwanawe, amezuiwa mlangoni, ameulizwa jina lake kwa heshima zote na mkalimani yupo, amelitaja. Pengine hiyo ndiyo mara ya mwisho duniani jina lake kutamkwa kwa sauti. Na mtu mwenye kalamu akaona halifai wino. Wino wa kuandika mji wa Ulaya ulitosha.

Karani akauliza, cheti aandike? Bibi akamwambia andika. Akakipokea kwa mikono miwili, akakikunja, tukarudi nyumbani. Hakulia. Aliniagiza maranda, nikaenda, nikarudi na kiroba. Akasimamisha chupa kwenye kopo, akashindilia, akaichomoa, maranda hayakubomoka. Kisha akatoa cheti, akakipindapinda vizuri, akawashia jiko. Mama aliruka akitaka kumshika mkono, akaishia njiani. Bibi jirani aliyaona yote kutoka kwenye ukuta wake. Alikwenda ndani akarudi na sahani ya vitumbua, akakaa chini karibu na jiko, mpaka maharage yakaiva.

Jumapili iliyofuata Bibi akavaa kitenge akaenda Misa. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote wakati ule. Nilimfuata nimevimba, nikamuuliza anakwenda kufanya nini. Akaniambia Mungu siye aliyeshika ile kalamu, nitembee upesi tutachelewa. Lakini Novemba zote zilizofuata, watu wanapoandika majina ya marehemu wao wakayatia kwenye bahasha yakasomwe altareni, Bibi aliniita mie niandike la baba yake tu. Chini yake aliniambia niache nafasi, nisiandike kitu mtu akaja kukisoma vibaya. Amekufa na nafasi ile.

Wote wamekwenda. Bibi jirani alimfuata Bibi haraka, nyumba yake ikauzwa, ukuta wao ukabomolewa ikapanda ghorofa, wapangaji hawajui hata kama pale palikuwa na mawe ya kukaangia vitumbua. Maranda siku hizi yananunuliwa na wafuga kuku. Kanisa lile la zamani lilivunjwa, kabati la chuma sijui liko wapi, na sina haja ya kujua. Mdogo wangu anakaa Mbagala, ana watoto wake, na wa pili alikuwa mliaji kama yeye. Alinipigia simu akaniuliza, dada, nimtajie nani? Tulikaa kwenye simu tunasikiliza mtoto analia.

Leo ni Jumamosi. Vijana wamekuja na fulana zao. Nimewapa picha ya Bibi, ile aliyopiga studio na kitenge chake cha kutokea, nao wakaisifia. Wakaandika alipozaliwa, wakaandika jina la baba yake. Wakafika kwa mama. Nikachukua jagi, nikawaongezea maji. Yule binti, mpole, mtoto mwenye adabu zake, akaniambia kama silijui si tatizo, mama, ataweka mstari tu.

"Usiweke mstari," nikamwambia. "Andika hivi. Mama yake aliulizwa jina mlangoni pa kanisa, akalitaja."

Akaandika, polepole, neno kwa neno. Halafu akainua macho.

"Na jina lenyewe, mama?"

"Hilo," nikamwambia, "kawaulizeni waliomuuliza."